Navunja kuta na paa la nyumba ya babu Ilala: kifusi nikipeleke wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Nimerithi nyumba ya babu hapa Ilala, ilijengwa miaka ya sabini. Nataka kuikarabati kabla ya masika: naondoa kuta mbili za ndani sebule iwe kubwa, nang'oa sakafu, singibodi yote na paa. Paa lenyewe si bati, ni yale ya kijivu yenye migongo, mazito. Fundi anasema nisihangaike, atatafuta guta na Kirikuu za kubeba kifusi, 'wenyewe wanajua pa kumwaga'. Dereva mmoja wa Canter anataka elfu ishirini na tano kwa tripu. Jirani anasema kifusi ni mawe tu, hakina madhara, nimwage kwenye korongo nyuma ya nyumba kitazuia mmomonyoko. Shemeji yangu ana kiwanja bondeni huko Kinyerezi, anataka nimpelekee vyote, pamoja na vipande vya paa, ajazie. Naogopa faini, lakini zaidi naogopa kufanya jambo litakalonirudi. Nifanyeje?"*

Marahaba, na pole na pilikapilika za ujenzi. Umefanya jambo la maana kuuliza kabla nyundo haijaanza, kwa sababu kikishachanganyika pale uani, kifusi huwa ghali kukitenganisha na hakuna anayekubali kazi hiyo. Nakujibu kwa kirefu kidogo, maana kila mmoja wa hao washauri wako ana kipande cha ukweli, isipokuwa kwenye suala la paa, ambalo naona wote wamelipita tu.

Nianze na hilo paa. Nyumba ya miaka ya sabini, paa la kijivu, zito, lenye migongo, si bati: hadi ithibitike vinginevyo, lichukulie kuwa ni asbesto. Chungulia mahali palipovunjika pembeni. Ukiona ncha za nyuzinyuzi zimejitokeza kwenye saruji, dhana inapata nguvu, ingawa kwa macho tu hakuna anayeweza kuapa, kipimo cha maabara ndicho kinachomaliza ubishi. Vigae vya namna hii vilitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto kuipa nguvu. Vikiwa vizima juu ya kenchi, nyuzi zimeshikwa na saruji na hatari yake ni ndogo, babu aliishi chini yake na wewe umekulia humo, usianze kukosa usingizi leo. Hatari inaanza siku vinapovunjwa, kukatwa kwa msumeno, kutobolewa, au vumbi lake kufagiwa likiwa kavu. Nyuzi zinazotoka ni nyembamba mno kuliko unywele, hazionekani, zinaelea hewani kwa saa nyingi, na zikiingia kwenye mapafu mwili hauna njia ya kuziyeyusha. Hubaki humo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani: ya mapafu, na ile ya utando unaozunguka mapafu. Ugonjwa huja baada ya miaka 20, 30 au zaidi, na ndiyo maana fundi wako atakwambia amebomoa mapaa kama hayo maisha yake yote na yuko salama. Hasemi uongo. Muda wake tu bado haujafika, na tuombe usifike.

Kwa hiyo paa halivunjwi, linashushwa. Kwanza vijana walowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa pampu ya kunyunyizia dawa za bustani, si kwa mpira wa kasi. Misumari na parafujo zing'olewe au zikatwe taratibu, kigae kishuke kizima kwa mikono ya watu wawili, kisitupwe kutoka juu. Mtu asipite juu ya vigae, kwani vigae vizee hukatika ghafla na mtu akaanguka hadi sebuleni, na ajali hiyo huua papo hapo bila kusubiri miaka 30. Chini vifungwe kwenye nailoni nene, tabaka mbili, na kuandikwa wazi kuna nini ndani. Kitambaa puani hakisaidii chochote. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi laini, zile zenye alama FFP3, inayokaa sawasawa usoni, na ndevu zinaharibu kazi yake. Kisha mzigo huo hauendi kwenye Canter ya mtu yeyote. Asbesto ni taka hatarishi, na kubeba na kutupa taka hatarishi kunahitaji vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mahali pa kuanzia ni NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ofisi ya kanda hapo Dar es Salaam. Waulize wakupe majina ya kampuni zilizosajiliwa kushughulikia taka hatarishi. Itakugharimu, sikufichi. Lakini kama bajeti yako ina mahali pamoja pa kutobana, ni hapa.

Kuna na njia nyingine ambayo mafundi hawaipendi kwa sababu haina kazi kubwa: kama vigae bado ni vizima na havivuji, viache. Paka rangi maalumu ya kuvifunga, bila kuvikwangua kwanza, na uvishughulikie baadaye ukiwa na fedha. Ila ukiwa unaondoa kuta za ndani, sharti ujue kenchi zimekaa juu ya nini, na hapo nitarudi.

Shemeji basi. Mwambie hapana kwa vipande vya paa, bila kona kona. Nimeona vigae hivi vimegeuzwa uzio wa banda la kuku na vingine vimepondwa kujazia njia ya kuingilia gari, watoto wanapita wanatimua vumbi. Kuhusu kifusi kingine, wazo lake ni zuri nusu. Jiji hili lina njaa ya kifusi. Watu wananunua kwa tripu kuinua viwanja, na ni ajabu kwamba mtaa huohuo mmoja analipa kukitupa na mwingine analipa kukileta. Zege, tofali, plasta na marumaru vikiwa safi ni kifaa cha ujenzi, si takataka. Vikipondwa hadi saizi ya ngumi, vikamwagwa kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, vikamwagiwa maji na kushindiliwa kila tabaka, vinabeba jamvi la sakafu na maegesho ya gari vizuri kabisa. Mafundi wengi hujaza nusu mita kwa mkupuo na kukanyagakanyaga juu, halafu mwaka wa pili sakafu inatoa sauti ya uwazi ukigonga, na marumaru zinapasuka.

Neno linalobeba mzigo hapo ni "safi". Kipande cha mbao ndani ya kifusi kitaoza na kuacha pango, na kabla hakijaoza kitakuwa kimewaita mchwa hadi chini ya nyumba ya shemeji. Nailoni na magunia yanazuia kushindiliwa. Jipsamu, kama kuna chumba kiliwekwa dari mpya miaka ya karibuni, ina tabia yake ya pekee: ikifukiwa mahali penye maji na pasipopita hewa, pamoja na mbao au uchafu mwingine wa kuoza, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo kwa kiwango kidogo ni kero, kwa kiwango kikubwa ndani ya shimo au chumba kilichofungwa inaua. Jipsamu ibaki kavu, peke yake.

Halafu kuna "bondeni". Hilo la kiwanja chenyewe ndilo linalonitia shaka kuliko kifusi. Sheria niliyoitaja, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kama shemeji anajaza ndani ya eneo hilo, anakuomba umsaidie kuvunja sheria, na maji anayoyasukuma yatakwenda kwa jirani yake wa ng'ambo. Kiwanja kikiwa nje ya hapo, na mtendaji wa mtaa wa kule anajua, mpelekee tofali na zege kwa roho safi.

Sasa jirani na korongo lake. "Ni mawe tu" ndiyo kauli inayosikika zaidi mjini hapa, na ina mantiki ya juujuu: tofali halinuki, halileti nzi. Tatizo la kifusi si sumu, ni nafasi. Korongo ni njia ya maji, na uwezo wake unategemea upana, kina na ulaini wa kuta zake. Ukiziba theluthi moja, hupotezi theluthi tu, maana maji sasa yanapita kwenye njia nyembamba iliyojaa vizingiti, yanapunguza kasi nyuma na kupanda juu. Anayefurikiwa kwanza ni aliye juu yako. Na maji yakishindwa kupita katikati huuzunguka mzigo, yanaila kingo ya pili. Kuzuia mmomonyoko kwa mawe kunawezekana, lakini mawe hayo hufungwa kwenye nyavu za waya, yakapangwa, msingi wake ukachimbwa chini ya kina ambacho maji yanakula. Lundo lililomwagwa kutoka kwenye Kirikuu halina lolote kati ya hayo. Mvua kubwa ya kwanza italichukua: vumbi na mchanga vitatangulia, tofali zitafuata hadi kwenye kalavati la kwanza na kukwama hapo.

Na tazama linakokwenda. Makorongo mengi ya Ilala, Buguruni na Vingunguti yanamwaga Msimbazi, na Msimbazi unapita Jangwani kabla ya kuingia baharini pale Daraja la Salenda. Unajua mwenyewe Jangwani pakijaa jiji linakuwaje: barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi unasimama, watu wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika jiji hili. Kifusi si sababu pekee, mchanga unaoshuka kutoka milima ya Pugu na ujenzi mabondeni una sehemu kubwa, lakini mto uliojaa mchanga hauhitaji msaada wa kuta za babu yako. Serikali imekopa fedha Benki ya Dunia kuliendeleza bonde hilo na kupunguza mafuriko.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo utamjua dereva. Chukua ukuta mmoja wa mita 4 kwa mita 3, tofali za inchi sita, yaani sentimita 15. Ni mita za ujazo 1.8. Ongeza plasta pande zote mbili, unafika kama 2.2. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa saruji ina uzito wa takriban tani 2, kwa hiyo ukuta huo mmoja ni tani 4 na ushee. Ukivunjwa hufura, kwa kuwa vipande havikai kama vilivyokuwa, unapata mita za ujazo 3 na zaidi za lundo. Kuta zako mbili ni karibu tani 9 kabla hujagusa sakafu. Canter ya kawaida hubeba tani 3 hadi 4, Kirikuu kwa usalama ni kama nusu tani, na guta ni kilo za kuhesabu.

Dampo rasmi la jiji ni Pugu Kinyamwezi. Kutoka kwako ni zaidi ya kilomita 20 kwenda tu, kwenye foleni, dizeli inawaka, getini kuna ushuru, na kushusha kuna vibarua. Weka hesabu hiyo mbele ya elfu ishirini na tano. Dereva huyo haendi Pugu, labda awe anakupa sadaka. Anakwenda kona ya kwanza yenye giza, kwenye hifadhi ya barabara, au nyuma ya ukuta ulioandikwa "USITUPE TAKA HAPA, FAINI 50,000". Bei yenyewe imeshakwambia mzigo unakokwenda. Mwenye guta ndiyo kabisa: hawezi kusukuma kifusi hadi Pugu hata akitaka, kwa hiyo "wenyewe wanajua pa kumwaga" maana yake ni mtaa wa pili. Simlaumu yeye kwanza, analisha watoto. Anayejua ukweli akalipa ndiye mwenye mzigo, na usidhani jukumu lako limeishia getini gari lilipotoka. Wakiulizwa, vijana huonyesha nyumba waliyotoka.

Fanya hivi. Kabla ya kuvunja, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umwone mtendaji, umweleze kazi na siku utakazoifanya. Kampuni inayozoa taka za majumbani mtaani kwako haina wajibu wa kuchukua kifusi kwa ile ada ya mwezi, usiwavizie na viroba vya tofali, ila wakati mwingine wao wenyewe wana gari la kukodisha kwa safari maalumu. Afisa mazingira wa Jiji, yaani halmashauri inayosimamia Ilala, atakwambia ushuru wa dampo kwa sasa na kama kuna mahali karibu panapoidhinishwa kujazwa kifusi safi. Swali hilo la mwisho watu hawaliulizi, na linaweza kukuokolea nusu ya gharama. Ukipata gari, tipa moja la tani 10 mara nyingi ni nafuu kuliko Canter tatu. Patana kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu: namba ya gari, wapi linamwaga, bei. Lipa sehemu, salio lilipwe risiti ya dampo au picha ya mahali palipokubaliwa ikifika. Na lifunikwe turubai. Wakati mzigo unasubiri, ukae ndani ya uzio. Ukiurundika barabarani, ukanyesha usiku mmoja, mchanga wote uko kwenye mtaro.

Mengi ya hayo hayatafika hata kwenye gari ukianza kwa kung'oa kabla ya kubomoa. Milango na fremu za nyumba ya umri huo mara nyingi ni mninga au mvule, mbao ambazo leo ukizinunua mpya utalia. Zing'olewe kwa mikono, zisigongwe na nyundo. Nondo, mabomba, waya wa shaba na grili wanunuzi wa chuma chakavu watazifuata wenyewe hadi mlangoni. Tofali zinazotoka nzima, zikikwanguliwa, zinajenga ukuta wa bustani. Kuna jambo moja tu la kuangalia kwenye mbao: za kenchi zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani, na zile zenye rangi ya mafuta ya zamani, usimpe mama lishe akapikie. Dawa ile mara nyingi ina aseniki, rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na vyote hutoka kwenye moshi au kubaki kwenye majivu. Nazo usizichome uani. Afadhali ziende dampo, au zitumike tena kama mbao.

Singibodi nayo ina mambo mawili. Ikiwa ni laini na inakatika kama ubao wa kadibodi, mara nyingi ni taka ya kawaida. Ikiwa ni shiti bapa, ngumu, za kijivu, zipe heshima ileile ya paa. Na juu yake, kwa nyumba iliyokaa miaka hiyo yote, kutakuwa na kinyesi cha popo na panya. Kilowanishwe kabla ya kuzolewa, kwani vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuwa na vimelea vya ukungu vinavyoleta ugonjwa wa mapafu. Vijana hulicheka hili hadi wakohoe wiki nzima.

Nimesema nitarudi kwenye kuta. Sijaiona nyumba yako, na hakuna anayeweza kukwambia kwa maandishi kuwa ukuta fulani haubebi kitu. Nyumba nyingi za wakati huo kenchi zake zimeegemea kuta za kati. Ukiondoa ukuta, paa lote linatafuta pa kukalia. Mhandisi aje, apande darini, aangalie lenta na kenchi, na kama inahitajika boriti, aichore. Mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji pia kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Baada ya jengo la Kariakoo kuporomoka Novemba 2024 sidhani kama nahitaji kukushawishi. Kwa mpangilio, paa ndilo linalotangulia, na watu wake maalumu, nyumba ikiwa tupu. Likishashuka na kuondoka kabisa kwenye uzio ndipo mafundi wengine waingie, vinginevyo vipande vya asbesto vitaishia ndani ya kifusi, na hapo tani zako zote 9 zinageuka taka hatarishi. Ukiniuliza mimi, kabla ya masika muda ni mfupi mno kwa kazi ya paa. Fanya sasa vibali na ukaguzi wa mhandisi, paa na kuta zisubiri kiangazi cha Juni.

Na kama wakati unasoma haya vijana wameshapanda na wameshavunja vigae kadhaa, wasimamishe bila kelele. Siku moja ya vumbi si hukumu ya kifo, hatari hukua kadiri mtu anavyorudia, na kwa mvutaji sigara hukua zaidi. Mwagia maji vipande vyote na sakafu, vikusanywe vikiwa vimelowa, vifungwe, sakafu ipanguswe kwa matambara mabichi badala ya ufagio. Wakapige maji mwili mzima, nywele pia. Nguo walizovaa zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto nyumbani, au zifungwe kwenye nailoni ileile na matambara, pamoja na vipande. Anayefanya kazi hiyo mara kwa mara, akianza kukosa pumzi au kikohozi kisichoisha, amwone daktari na amtajie neno asbesto mwenyewe, kwa sababu daktari asipoambiwa huenda asiulize.